Wasomaji Wanauliza: Kompaila Inapobadilika, Programu Yako Nayo Hubadilika

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu kompaila za chanzo huria, yaani programu zinazogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa lugha ya mashine, ilileta barua nyingi, na karibu zote zilikuwa na kiini kimoja: msomaji alisasisha mfumo wa kompyuta yake, hakugusa hata mstari mmoja wa programu aliyoiandika, na bado programu hiyo ikabadilika tabia. Tumechagua barua zinazogusa wasomaji wengi zaidi. Majibu yanahusu hasa mradi wa kompaila wa LLVM na miradi iliyozaliwa kutokana nao, pamoja na kompaila ya GCC pale ambapo kuitenga kungempotosha msomaji.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Chuoni tunafundishwa kutumia GCC, lakini kila ninachosoma siku hizi kuhusu Rust, Swift na hata simu za Android kinataja LLVM. Je, LLVM ni kompaila nyingine, ni lugha ya programu, au ni kampuni? (Mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. LLVM si lugha unayoandikia programu, wala si kampuni. Ni mkusanyiko wa vipande ambavyo mtu huviunganisha ili kupata kompaila. Ilianza mwishoni mwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, nchini Marekani, kazi ya mwanafunzi Chris Lattner na mwalimu wake Vikram Adve, na toleo la kwanza likatolewa mwaka 2003. Wazo lao lilikuwa kwamba kazi ya kompaila igawanywe katika sehemu tatu zisizoingiliana. Sehemu ya mbele husoma lugha fulani, kwa mfano C au Rust, na kuigeuza kuwa lugha ya kati. Sehemu ya katikati huichambua lugha hiyo ya kati na kuiboresha. Sehemu ya nyuma huigeuza kuwa lugha ya mashine ya prosesa unayoilenga.

Faida yake ni kwamba anayebuni lugha mpya hahitaji kujifunza tabia za kila prosesa duniani: akishafika kwenye lugha ya kati, kazi iliyobaki imekwisha kufanywa na wengine. Ndiyo maana Rust, Swift na Julia, lugha zisizofanana hata kidogo, zinapitia njia hiyo moja. Clang, ambayo chanzo chake kilifunguliwa mwaka 2007, ni sehemu ya mbele ya lugha za C, C++ na Objective-C, na mtu akisema kwamba anatumia LLVM badala ya GCC, mara nyingi anamaanisha kwamba anatumia Clang.

GCC ni kongwe zaidi. Richard Stallman aliitoa mwaka 1987, nayo pia ina sehemu ya mbele, ya katikati na ya nyuma. Tofauti ni kwamba vipande vyake havikukusudiwa kuchomolewa na kutumiwa mahali pengine kama maktaba. Walimu wako hawakukosea kukufundisha GCC, kwa sababu ndiyo inayojenga sehemu kubwa ya programu za mifumo endeshi ya Debian na Ubuntu. Lakini upande wa Android hali ni nyingine: zana rasmi za kuandikia programu za C na C++ za simu hizo ziliondoa GCC kabisa mwaka 2018 na kubaki na Clang. Kwa hiyo, ukiwa na simu ya Android mfukoni, unabeba kazi ya LLVM hata kama hujawahi kuandika programu.

SWALI: Ninatunza programu ya zamani ya lugha ya C inayotumiwa na chama cha akiba na mikopo. Kwa miaka mingi ilikompailiwa bila tatizo, ikitoa maonyo tu ambayo hatukuyajali. Baada ya kuhamia Debian 13, kompaila imegeuza maonyo hayo kuwa makosa na inakataa kuendelea. Je, hii si hujuma kwa watu wenye programu za zamani? (Fundi wa programu, Nairobi)

JIBU: Ndugu yangu, ninaelewa uchungu wa mtu aliyekuwa na mfumo unaofanya kazi, halafu ukasimama siku ambayo hakutarajia. Hata hivyo, katika jambo hili ninasimama upande wa kompaila, na nitaeleza sababu kwa urefu kwa kuwa inagusa fedha za watu.

Debian 13 inakuja na GCC 14, toleo la mwaka 2024 lililogeuza maonyo kadhaa ya lugha ya C kuwa makosa. Clang ilikuwa imetangulia kwenye njia hiyo hiyo katika toleo la 16, mwezi Machi 2023. Kosa linalowakumba wengi ni la kuita funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina lake, ambayo haijatangazwa. Kanuni za C za mwaka 1999 zilikwisha kuliondoa jambo hilo katika lugha, lakini kompaila ziliendelea kulivumilia kwa zaidi ya miaka ishirini ili zisiwavunjie watu kazi zao.

Tuchukulie mstari kama huu ndani ya programu yako:

    struct mteja *m = tafuta_mteja(namba);

Kama funksheni hiyo imeandikwa katika faili jingine na hukuitangaza hapa, kompaila ya zamani haikujua kwamba inarudisha kielekezi, yaani anwani ya mahali data ilipo kwenye kumbukumbu. Ilikisia kwamba inarudisha namba kamili ya kawaida, yaani `int`, yenye biti 32. Kwenye kompyuta za leo anwani ya kumbukumbu ina biti 64. Kwa hiyo nusu ya juu ya anwani ilikatwa na kutupwa, nusu iliyobaki ikapanuliwa tena na kutumiwa kana kwamba ni anwani kamili. Pale ambapo anwani ya rekodi ya mteja ilikuwa ndogo kiasi cha kuenea kwenye nusu hiyo, programu ilifanya kazi vizuri. Ilipokuwa kubwa, ilianguka, au ikagusa kumbukumbu isiyo yake. Kinachoamua ni mahali ambapo mfumo endeshi umeipanga kumbukumbu ya programu, jambo ambalo hubadilika kutoka mfumo hadi mfumo na hata kutoka uendeshaji mmoja hadi mwingine. Programu ya namna hii inaweza kudumu miaka mingi bila dalili yoyote, kisha ikaharibika siku mtakayonunua seva mpya.

Unaweza kuirudisha hali ya zamani kwa muda kwa kuongeza `-fpermissive` kwenye amri ya GCC 14, na makosa yatakuwa maonyo tena. Ninakusihi uitumie njia hiyo ili chama kiendelee kuhudumia wanachama wiki hii tu, si kama suluhisho. Kazi yenyewe ni kuandika faili la kichwa lenye matangazo ya funksheni zote zinazoitwa kutoka faili moja hadi jingine, na kulijumuisha kila zinapotumika. Ni kazi ya kuchosha lakini si ngumu, na kompaila yenyewe itakuonyesha mstari baada ya mstari mahali pa kurekebisha.

Jiandae pia kwa GCC 15, iliyotoka mwezi Aprili 2025. Toleo hilo linachukulia kwamba msimbo wa C umeandikwa kwa kanuni mpya za lugha hiyo, ziitwazo C23, isipokuwa umeeleza vinginevyo. Katika kanuni hizo `bool`, `true` na `false` ni maneno ya lugha yenyewe. Kwa hiyo programu nyingi za zamani zilizojitengenezea aina yao ya `bool` zitakataliwa. Vilevile mabano matupu katika tangazo la funksheni sasa yanamaanisha kwamba funksheni haipokei kitu chochote, ilhali zamani yalimaanisha kwamba vitu inavyovipokea havijatajwa. Ukiandika `-std=gnu17` katika amri yako, kompaila itausoma msimbo kwa kanuni za awali, na ukijua hivyo mapema utajiepusha na usiku wa pili wa kuhangaika.

SWALI: Nilisoma kwamba Python 3.14 inakwenda kasi kwa asilimia 15 kwa sababu ya kompaila mpya, kisha nikasoma kwamba habari hiyo haikuwa sahihi. Nani alidanganya? (Mchambuzi wa takwimu, Mombasa)

JIBU: Hakuna aliyedanganya, na kisa chenyewe ni miongoni mwa visa vyenye mafunzo mengi kuhusu kompaila katika miaka ya karibuni, kwa hiyo nitakieleza kwa utulivu.

Python unayoitumia ni programu iliyoandikwa kwa C. Ndani yake kuna mzunguko mkubwa unaochukua agizo moja dogo la programu yako, kulitekeleza, kisha kurukia agizo linalofuata. Kwa kuwa mzunguko huo hurudiwa mamilioni ya mara, jinsi mruko huo unavyopangwa katika lugha ya mashine huathiri kasi ya kila kitu. Kwa miaka mingi watunzaji wa Python walitumia mbinu ya kumpa kila agizo mruko wake mwenyewe mwishoni, badala ya maagizo yote kurudi kwenye mruko mmoja wa pamoja. Sababu ya kupenda mpangilio huo ni kwamba prosesa hujaribu kubashiri programu itakakorukia kabla haijafika, na mruko wa kila agizo peke yake huipa prosesa dalili nyingi zaidi za kubashiria.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 iliingizwa katika Python mbinu mpya ambapo kila agizo ni funksheni inayojitegemea, na kila funksheni humaliza kazi yake kwa kuita inayofuata bila kurudi nyuma. Mbinu hiyo ilihitaji uwezo mpya wa Clang 19. Vipimo vya kwanza vilionyesha ongezeko la kasi la asilimia 9 hadi 15, na furaha ikawa kubwa.

Mwezi Machi mwaka huo, mhandisi Nelson Elhage alichapisha uchunguzi wake. Aligundua kwamba LLVM 19 ilikuwa na kasoro iliyoathiri ile mbinu ya zamani. Wahandisi wa LLVM walikuwa wameweka kikomo kwenye hatua inayonakili vipande vya msimbo, kwa sababu kwa baadhi ya programu hatua hiyo ilikuwa inakula muda na kumbukumbu kupita kiasi wakati wa kukompaili. Nia ilikuwa njema, lakini mzunguko mkubwa wa Python ulivuka kikomo hicho, na ile miruko iliyokuwa imetenganishwa kwa makusudi ikaunganishwa tena kuwa mmoja. Kwa hiyo Python ya kawaida iliyokompailiwa kwa Clang 19 ilikuwa imepungua kasi pasipo mtu kuligundua hilo, na mbinu mpya ilipolinganishwa nayo ilionekana kuruka mbele sana. Sehemu kubwa ya faida iliyotangazwa ilitokana na kukwepa kasoro ya kompaila.

Kasoro hiyo ilirekebishwa katika LLVM 20. Watunzaji wa Python walisahihisha hesabu zao hadharani, na maelezo rasmi ya Python 3.14, iliyotoka Oktoba 2025, yanataja asilimia 3 hadi 5. Hiyo bado ni faida ya kweli, na katika programu iliyokwisha kunolewa kwa zaidi ya miaka thelathini si kidogo. Mimi binafsi ninawaheshimu zaidi baada ya masahihisho hayo kuliko kabla yake.

Kwako wewe unayechambua takwimu, kuna jambo moja la kufanya leo. Fungua Python na uandike `import sys`, kisha `print(sys.version)`. Mwishoni mwa jibu, ndani ya mabano ya mraba, utaona jina na toleo la kompaila iliyojenga Python yako. Ukiona GCC, kasoro niliyoieleza haikukugusa kamwe. Na pale unapolinganisha kasi ya mashine mbili au matoleo mawili, andika taarifa hiyo pembeni ya vipimo vyako. Bila hiyo huwezi kujua kama unachokipima ni Python au ni kompaila iliyoijenga.

SWALI: Ninajaribu kutengeneza lugha ndogo ya programu yenye maneno ya Kiswahili, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Ninafuata mafunzo ya LLVM niliyoyapata katika kitabu cha zamani, lakini kompaila inakataa mifano iliyomo humo, hasa penye alama ya nyota baada ya aina ya data. Kosa liko wapi? (Mwalimu wa hisabati, Unguja)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kosa si lako. Lugha ya kati ya LLVM ilibadilishwa baada ya kitabu chako kuandikwa. Kwanza tuangalie kipande ambacho hakijabadilika, kwa faida ya wasomaji ambao hawajawahi kuiona lugha hiyo:

    define i32 @jumlisha(i32 %a, i32 %b) {
      %c = add i32 %a, %b
      ret i32 %c
    }

Hii ni funksheni inayopokea namba mbili za biti 32, inazijumlisha na kurudisha jibu. Majina ni yako kuyachagua, na lugha ya kati haijali kama umeyaandika kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine. Kazi ya lugha yako ya wanafunzi ni kusoma sentensi zao na kutoa matini ya namna hii. Kuanzia hapo LLVM itakufikisha kwenye prosesa ya kompyuta ya shule au ya simu.

Mabadiliko yamekuja kwenye vielekezi. Zamani kielekezi cha namba ya biti 32 kiliandikwa `i32*`, na cha biti 8 kiliandikwa `i8*`. Kuanzia LLVM 15, mwezi Septemba 2022, vielekezi vyote vinaandikwa kwa neno moja, `ptr`, na mwaka mmoja baadaye, katika LLVM 17, mtindo wa zamani uliondolewa kabisa. Sababu ni kwamba ile aina iliyoandikwa mbele ya nyota haikuwa ikiisaidia kompaila kuboresha programu. Kielekezi kinaweza kuelekeza kwenye kitu chochote, na kinachohitajika ni kujua aina ya data pale unapoisoma au kuiandika. Lakini kwa kuwa aina ilikuwepo, lugha ya kati ilijaa maagizo ya kugeuza kielekezi cha aina moja kuwa cha aina nyingine, maagizo yasiyozalisha lugha yoyote ya mashine bali yaliyokula kumbukumbu na kuizuia kompaila kuona mambo yaliyo wazi.

Katika programu yako, kila unapoagiza data isomwe kutoka kwenye kumbukumbu utalazimika kuitaja aina yake waziwazi, kwa sababu LLVM haitaipata tena kutoka kwenye kielekezi. Hiyo ina maana kwamba lugha yako iweke kumbukumbu ya aina ya kila kigeu (jina linaloshika thamani) upande wake yenyewe. Weka kando sura ya vielekezi ya kitabu chako, na ufuate mafunzo ya lugha ya mfano iitwayo Kaleidoscope, ambayo mradi wenyewe huyasasisha pamoja na kila toleo. Ninaitakia kazi yako mafanikio ya dhati. Mwanafunzi anayeweza kuandika sharti lake la kwanza kwa lugha anayoiota ndoto zake huliona sharti lenyewe kabla ya kuona ugumu wa maneno.

SWALI: Tunatumia mifumo ya utabiri wa hali ya hewa iliyoandikwa kwa Fortran. Je, LLVM ina lolote kwa ajili yetu? (Mtafiti, Dar es Salaam)

JIBU: Sasa inalo. Kompaila ya Fortran ya LLVM, iitwayo Flang, iliandikwa upya na kuingizwa katika mradi mwaka 2020, na kwa miaka kadhaa amri yake iliitwa `flang-new` ili watu wajue kwamba bado inakua. Katika LLVM 20, ya Machi 2025, neno hilo la nyongeza liliondolewa na amri ikawa `flang`, ishara kwamba watengenezaji wake wanaiona iko tayari kwa kazi. Imejengwa juu ya MLIR, mfumo wa lugha za kati za ngazi kadhaa ulioanzishwa Google na kujiunga na LLVM mwishoni mwa 2019, ambao hutumika pia katika kompaila za akili bandia.

Ushauri wangu ni kwamba msiache gfortran ya GCC ghafla. Kompailini mfumo wenu kwa zote mbili, endesheni utabiri wa siku moja ambayo matokeo yake mnayajua, kisha mlinganishe. Tofauti ndogo katika tarakimu za mwisho ni za kawaida, kwa kuwa kompaila mbili zaweza kupanga hesabu za desimali kwa mfuatano tofauti. Tofauti inayokua saa baada ya saa za utabiri inahitaji uchunguzi, na mara nyingi hufichua kigeu ambacho hakikupewa thamani ya mwanzo.

SWALI: Programu yangu ya C++ huanguka mara moja moja, kamwe si ninapoichunguza. Rafiki ameniambia nitumie kitu kinachoitwa AddressSanitizer. Je, ni nini, na kuna kipya gani katika zana hizo? (Msanifu programu, Kisumu)

JIBU: Rafiki yako amekushauri vyema. Ongeza `-fsanitize=address -g` kwenye amri ya Clang au GCC, na programu yako itakompailiwa ikiwa na mlinzi ndani yake. Kwa kila baiti 8 za kumbukumbu, mlinzi huyo hutunza baiti 1 pembeni inayoeleza kama unaruhusiwa kuzigusa, na kuzunguka kila safu ya data huacha ukanda uliopigwa marufuku. Ukiwa na safu ya namba 10 na ukasoma ya 11, programu itasimama papo hapo na kukuonyesha faili, mstari, na mahali ambapo kumbukumbu hiyo iliombwa. Bila mlinzi, kosa hilo laweza kupita kimya na kuiangusha programu mahali pengine kabisa, dakika kadhaa baadaye, na ndiyo maana hulipati ukilitafuta. Programu itapungua kasi karibu mara mbili, kwa hiyo itumie wakati wa majaribio, si kwa wateja.

LLVM 20 iliongeza wawili katika familia hii. RealtimeSanitizer ni kwa ajili ya programu ambazo haziruhusiwi kuchelewa, kama zile za sauti na muziki: unaweka alama ya `[[clang::nonblocking]]` kwenye funksheni, na ikijaribu kuomba kumbukumbu au kusubiri kufuli, unaambiwa. TypeSanitizer hukamata msimbo unaosoma data ya aina moja kana kwamba ni ya aina nyingine kinyume cha kanuni za lugha, kosa ambalo huonekana tu baada ya kompaila kuanza kuboresha kwa nguvu. Anza na AddressSanitizer. Katika uzoefu wangu, hiyo peke yake humaliza sehemu kubwa ya vifo vya ghafla vya programu za C++.

SWALI: Ningependa kukompaili LLVM yenyewe, lakini nina kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, na bando la intaneti ni ghali. Je, inawezekana? (Mwanafunzi, Mwanza)

JIBU: Inawezekana, ila kwanza jiulize kama unaihitaji. Kwa kutumia tu, pakua vifurushi vilivyokwisha kujengwa vya Debian au Ubuntu. Ukitaka kuibadilisha ndipo uijenge.

Historia ya mradi ni ndefu na nzito, kwa hiyo ichukue bila historia hiyo kwa `git clone --depth=1`. Hapo ndipo bando lako litakapookolewa. Kisha usijenge kila kitu. Maagizo manne unayoipa CMake, programu inayoandaa ujenzi, ndiyo muhimu: `-DCMAKE_BUILD_TYPE=Release`, kwa sababu ujenzi wenye taarifa zote za kusaka hitilafu huweza kuchukua gigabaiti 15 hadi 20 za diski; `-DLLVM_ENABLE_PROJECTS=clang`, ili miradi mingine isiingie; `-DLLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86`, ili usijenge sehemu za nyuma za prosesa usizo nazo; na `-DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1`. Hilo la mwisho ndilo linalowaokoa wenye kumbukumbu ndogo. Hatua ya kuunganisha vipande kuwa programu moja hula kumbukumbu nyingi kuliko zote, na kompyuta ikijaribu kufanya miunganiko kadhaa kwa pamoja, itaganda au mfumo endeshi utaiua kazi yako ikiwa imebaki kidogo. Iache usiku umeme ukiwa wa uhakika, na ukikatika usifute kilichojengwa, kwa sababu Ninja, zana inayoendesha ujenzi wenyewe, itaendelea kutoka ilipoishia.

SWALI: Kampuni yetu ndogo inataka kuuza bidhaa iliyo na vipande vya LLVM ndani yake. Tutadaiwa chochote? (Mjasiriamali, Arusha)

JIBU: Hapana. LLVM inatolewa kwa leseni ya Apache 2.0 yenye vifungu vya ziada vya LLVM, iliyoanza kuchukua nafasi ya leseni ya awali mwaka 2019. Inakuruhusu kuuza bidhaa bila kufungua chanzo chako, na inakupa haki juu ya hataza za waliochangia, mradi tu uhifadhi tangazo la leseni unaposambaza msimbo wao. Vifungu vya ziada vinahusu vile vipande vidogo ambavyo kompaila huviingiza ndani ya kila programu inayojengwa nayo. Kwa vipande hivyo hulazimiki hata kuweka tangazo hilo. GCC iko chini ya leseni ya GPL toleo la 3, na ukiibadilisha GCC yenyewe na kuisambaza utapaswa kutoa chanzo cha mabadiliko yako. Lakini programu uliyoikompaili tu kwa GCC ni yako kikamilifu.

SWALI: Nikiwa kazini hapa Muscat, Clang yenyewe ilianguka ikikompaili msimbo wangu na kuniomba nitume ripoti. Sikuwa na uhakika kama mtu wa kawaida anapaswa kufanya hivyo. (Mhandisi Mtanzania, Oman)

JIBU: Unapaswa, ndugu, na tayari kompaila imekuandalia nusu ya kazi. Clang inapoanguka huacha mafaili mawili, kwa kawaida katika saraka ya `/tmp`: moja lina msimbo wako wote ukiwa umeunganishwa na mafaili yake ya vichwa, na jingine lina amri iliyotumika. Kabla ya kuyatuma, hakikisha mwajiri wako anaruhusu, kwa sababu faili la kwanza lina msimbo halisi wa kampuni.

Njia bora ni kuupunguza. Programu iitwayo cvise hupokea faili hilo pamoja na hati fupi inayojibu kama kosa bado lipo, kisha hukata mstari baada ya mstari huku ikijaribu kila mara, hadi maelfu ya mistari yabaki machache yasiyofichua siri ya mtu yeyote. Jaribu pia msimbo huo uliopunguzwa katika toleo jipya kabisa kupitia Compiler Explorer, inayofunguka ndani ya kivinjari, ili ujue kama kosa limekwisha kurekebishwa. Likiwa bado lipo, fungua tatizo jipya katika hazina ya llvm-project kwenye GitHub, ambako ripoti zote hupokelewa tangu mwishoni mwa 2021. Andika toleo la Clang, amri, msimbo uliopunguzwa na ulichokitarajia. Kabla ya kutuma, tafuta kwanza maneno ya mstari wa juu wa taarifa ya kuanguka; ukikuta mwingine amekutangulia, ongeza mfano wako chini ya ripoti yake. Na kama utapenda kulirekebisha mwenyewe, mabadiliko hupokelewa hapo hapo GitHub tangu Septemba 2023, na kila rekebisho huambatanishwa na jaribio dogo linaloshindwa kabla ya rekebisho na kufaulu baada yake. Ule msimbo wako uliopunguzwa na cvise ndio utakaokuwa jaribio hilo.